Signali ya Dishi Ikipotea: Soma Dalili Kabla ya Kupanda Paani

Mara nyingi ninapoitwa kwenye nyumba ambako televisheni imekatika, nakuta dishi limekwisha kuzungushwa. Asubuhi tatizo lilikuwa konekta iliyooza, kazi ya dakika kumi. Kijana wa nyumbani akapanda juu, akalegeza nati, akalisukuma dishi kushoto na kulia huku mtu wa ndani akipaza sauti "bado, bado!", mwisho akachoka akashuka. Kufikia jioni nyumba ina matatizo mawili: konekta bado imeoza, na dishi halijulikani tena linatazama wapi.

Dishi lililofungwa vizuri halijisogezi lenyewe. Kama jana usiku lilionyesha na leo halionyeshi, hapakuwa na upepo mkali, hakuna aliyeligusa wala mpira wa watoto haukulipiga, basi dishi ni la mwisho kushukiwa. Na ukiligusa bila sababu utajuta, kwa sababu kazi yake ni ya vipimo vidogo mno. Setilaiti iko takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, na dishi la sentimita 90 linaona kipande cha anga kisichofika nyuzi (digrii) mbili kwa upana. Likihama uzi mmoja tu, karibu nusu ya nguvu imekwenda. Uzi mmoja kwenye ukingo wa dishi hilo ni kama milimita nane, nusu ya upana wa kidole. Anayelisukuma kwa kiganja amelipeleka mbali sana.

Kwa hiyo tunaanzia chini, mbele ya televisheni, na rimoti mkononi.

Nani anayesema hakuna signali?

Maneno "No Signal" yanayoelea kwenye kioo kitupu mara nyingi ni ya televisheni yenyewe. Inakuambia haipokei kitu kutoka kwenye king'amuzi; haijui lolote kuhusu dishi. Chukua rimoti ya king'amuzi, bonyeza MENU. Menyu ikitokea, njia kati ya king'amuzi na TV ni nzima, endelea kusoma. Isipotokea, tatizo liko chumbani: waya wa HDMI umelegea, mtoto amebadilisha chanzo cha picha kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2, au king'amuzi hakijawaka. Nimewahi kuitwa kutoka Mbagala hadi Bunju kwa ajili ya HDMI iliyochomoka wakati wa kufagia. Nilisikitika kwa nauli ya mwenye nyumba, maana angeweza kuiokoa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Ujumbe wa king'amuzi ni jambo jingine, nao usome mpaka mwisho. Kwenye DStv, E48-32 maana yake signali haifiki. E16 ni habari ya malipo au ruhusa: mawimbi yamefika salama, ila chaneli zimefungwa, na kupanda paani hakutafungua kitu. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ruhusa ya kufungua chaneli inashuka kutoka kwenye setilaiti kupitia dishi hilo hilo. Ukilipia wakati signali haipo, au king'amuzi kimezimwa, ruhusa inapita na wewe huipati. Tengeneza signali kwanza, acha king'amuzi kikiwa kimewashwa kwenye chaneli ya kifurushi chako, ndipo uombe ruhusa itumwe upya.

Swali jingine la bure: jirani mwenye king'amuzi kama chako anaona? Kama naye amekatika na mbingu imefunga kwa mvua, subiri. Kama amekatika na anga ni jeupe, huenda matangazo yenyewe yana hitilafu au masafa yamebadilishwa, na kilichobaki ni kutafuta chaneli upya. Kama yeye anaona vizuri, tatizo ni lako.

(Kama king'amuzi chako ni cha antena, mengi ya hapa hayakuhusu. Antena inatazama mnara ulioko ardhini na ina mambo yake.)

Nguvu na ubora

Ndani ya menyu, kwenye sehemu ya usakinishaji au taarifa za signali, kuna mistari miwili. Mmoja ni nguvu, mwingine ni ubora. Watu wengi hutazama nguvu, wakaona 70, wakasema "mbona signali ipo?" Nguvu peke yake haitoshi. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ikipata umeme hukuza chochote inachosikia, hata makelele yake yenyewe, hata ikitazama anga tupu. Ubora ndio unaosema kama katika makelele hayo kuna matangazo yanayosomeka.

Namba zikisomwa pamoja zinatoa habari nyingi kuliko saa nzima juu ya bati.

Zote mbili zikiwa sifuri kabisa, LNB haipati umeme au haijibu. Tafuta waya uliokatika, uliotafunwa na panya darini au uliopigiliwa msumari, konekta iliyochomoka, shoti, LNB iliyokufa. Ving'amuzi vingine hukuandikia wazi kwamba kuna shoti kwenye LNB. Hapo zima king'amuzi ukutani, chomoa waya wa dishi nyuma yake, washa tena. Ujumbe wa shoti ukitoweka, kosa liko kwenye waya, konekta au LNB. Ukibaki, king'amuzi chenyewe kimeumia.

Nguvu ikiwepo na ubora ukiwa sifuri, umeme unafika na LNB iko hai, lakini haisikii setilaiti inayotakiwa. Hapo ndipo dishi lililohama linapoingia kwenye orodha. Hata hivyo uliza kwanza: kuna mtu alirudisha king'amuzi kwenye mipangilio ya kiwandani? Vile vya chaneli za bure hupoteza aina ya LNB. Ya Ku ya kawaida, yaani ya masafa ya madishi madogo, huandikwa 9750/10600. Kikijirudisha kwenye 5150, ambayo ni ya C, masafa ya madishi makubwa, kitatafuta mahali pasipo na kitu mpaka kesho, na dishi lako halijakosa lolote.

Zote zikiwepo lakini ubora ukiwa chini na unacheza, mfumo unafanya kazi bila akiba. Picha ya dijitali haina zile chenga za zamani zilizokuwa zikiongezeka taratibu. Inakaa safi, safi, halafu ubora ukishuka chini ya mpaka fulani inaganda, inakatika vipande vya miraba, inapotea. Ndiyo maana mtu husema "ilikuwa nzuri kabisa, ghafla ikakata". Haikuwa nzuri kabisa. Ilikuwa imesimama ukingoni.

Kwa hiyo siku televisheni inafanya kazi vizuri, fungua menyu hiyo, andika nguvu na ubora kwenye kipande cha karatasi na ukibandike nyuma ya king'amuzi. Usilinganishe na namba za jirani, kila aina hupima kwa mizani yake. Linganisha na namba zako za siku njema. Nyumba chache sana zina karatasi hiyo, na ninapoikuta kazi inapungua nusu.

Chaneli baadhi zipo, nyingine hazipo

Dalili hii naipenda, kwa sababu inasema ukweli kuliko zote. Kama chaneli baadhi zinaonyesha vizuri, dishi linatazama mahali pake. Usiliguse.

Matangazo ya Ku hushuka kwa mikao miwili, wima na mlalo, na masafa yake yamegawanywa sehemu ya chini na ya juu. King'amuzi huiamuru LNB ichukue kundi lipi kupitia waya ule ule mmoja: kikitaka wima hupeleka volti 13 hivi, kikitaka mlalo hupeleka 18. Kikitaka sehemu ya juu ya masafa huongeza mtetemo wa kilohezi 22. Basi kama chaneli zote zilizopotea ni za mlalo, mashaka yote yanakwenda kwenye zile volti 18: king'amuzi hakizitoi, au zinapotea njiani.

Zinapotea njiani hasa kwa sababu ya waya. Kuna waya wa dishi unaouzwa ukiwa umemetameta kama shaba, kumbe katikati ni chuma kilichopakwa shaba. Mita kumi hautaona tofauti. Mita arobaini, umepita darini na kuzunguka nyumba, volti zinachoka kabla ya kufika juu. Nenda dukani na sumaku, hata ya spika iliyokufa. Waya wa katikati ukinasa kwenye sumaku, ni chuma ndani. Kwa nyumba ambayo dishi liko karibu na TV si dhambi kuutumia. Kwa waya mrefu chukua ule wa aina ya RG6 wenye shaba tupu, na usikubali kipande kimoja kiunganishwe mara tatu. Mwenye multimita apime mwisho wa waya kule juu, waya wa katikati na wa nje: 13 hadi 14 kwenye chaneli ya wima, 17 hadi 19 kwenye ya mlalo. Ukipata 13 hiyo hiyo kwenye zote mbili, umeshapata jibu. Ila angalia ncha za multimita zisigusane.

Adapta nayo huleta dalili hii hii. Ving'amuzi vingi vya siku hizi vinatumia adapta ya volti 12, na umeme unaopanda na kushuka unaichosha. Inawasha taa, inawasha menyu, lakini mzigo wa LNB unaishinda. Nyumba za sola zina toleo lake: kila usiku kuanzia saa tatu au saa nne chaneli fulani zinaondoka moja moja, asubuhi zote zimerudi. Watu husema setilaiti "inalala". Betri ndiyo imeshuka, na king'amuzi kinashindwa kuinua umeme hadi volti 18. Jaribu usiku huo huo kwa betri iliyojaa, au kwa umeme wa jirani, kabla hujanunua LNB.

Kama zilizopotea ni za masafa ya juu tu, shuku ule mtetemo wa kilohezi 22: umezimwa kwenye menyu, au swichi iliyoko njiani haiupitishi.

Saa inayopotea nayo ni dalili

Mwenye nyumba akiniambia "inakata", namuuliza saa ngapi, na mvua au jua.

Mvua kubwa kukata picha si ugonjwa. Mawimbi ya Ku yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone mazito huyameza na kuyatawanya. Madishi makubwa ya C, yale ya futi sita na nane, hayaoni tabu hiyo kwa kiwango hicho kwa sababu mawimbi yake ni marefu zaidi. Lakini kama inakata kwa manyunyu, au wingu likipita tu, akiba yako ya ubora imekwisha, na mvua imekuonyesha kosa lililokuwepo tangu zamani: dishi limehama kidogo, LNB imechoka, konekta ina maji.

Halafu kuna swali alilowahi kuniuliza mama mmoja wa Tabata: "Fundi, mvua imeshakata nusu saa, mbona picha haijarudi?" Nilitoka nje nikasimama chini ya dishi, nikatazama kule linakotazama. Mwembe wa jirani. Miaka mitatu nyuma, dishi lilipofungwa, mwembe ule ulikuwa chini ya njia ya mawimbi. Sasa matawi ya juu yalikuwa yamefika. Majani makavu yalipitisha kiasi cha kutosha kuonyesha picha. Majani yaliyolowa yalifunga mlango, mpaka jua au upepo uyakaushe. Dalili za mti ndizo hizo: inakata upepo ukivuma, inakawia kurudi baada ya mvua, na tatizo linakua taratibu mwaka hadi mwaka. Dawa ni kuzungumza na jirani kwa heshima kuhusu matawi mawili, au kuhamisha dishi upande mwingine wa paa. Kulizungusha hapo lilipo hakusaidii, setilaiti haihami.

Inayokata mchana wa jua kali na kurudi jioni ni kesi nyingine. Mzee mmoja wa Kigamboni aliniambia, "Hii TV inafuata jua, mwanangu. Saa nne inakwenda, saa kumi na moja inarudi." Mafundi wawili waliotangulia walikuwa wamelizungusha dishi jioni, wakapata picha, wakalipwa, kesho yake saa nne ikakata. Nilikwenda saa sita. Bati lilikuwa halishikiki. Nguvu ipo, ubora sifuri. Nikalowesha kitambaa, nikaifunika LNB, nikamwita mjukuu wake anisomee namba. Sifuri, sifuri, baada ya dakika kama mbili akasema "ishirini", kisha "hamsini na nane", na sauti ya taarifa ya habari ikasikika kutoka sebuleni. Ndani ya LNB kuna kifaa kinachopaswa kushikilia masafa yake bila kuyumba. Kikizeeka, joto hukitoa kwenye mstari. Nilibadilisha LNB, dishi sikuligusa. Konekta yenye ufa huweza kutoa dalili inayofanana, kwa sababu chuma hutanuka kwa joto na kuachia, kwa hiyo kabla ya kununua LNB tikisa konekta taratibu namba zikiwa zinasomwa.

Na kuna kukatika ambako hakuna fundi wa kulaumiwa. Mara mbili kwa mwaka, karibu na siku ambazo usiku na mchana vinalingana, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na dishi linalitazama jua uso kwa uso. Makelele ya jua yanazidi matangazo kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, saa ile ile. Kwa Dar es Salaam ni siku zinazozunguka tarehe 23 Machi na 20 Septemba. Kwa setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, wanayoitumia DStv, ni muda mfupi kabla ya saa saba mchana. Kwa ya nyuzi 7 mashariki, ya Azam, ni karibu saa tisa. Ukiona mwanga wa jua unaoakisiwa na dishi umetua kwenye mdomo wa LNB saa hiyo, umeshajua. Kunywa chai, itarudi.

Konekta

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye kila nyumba ya Pwani, ningekagua konekta ya kwenye LNB. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi na maji vikikutana na shaba kazi imekwisha. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja yote, konekta isiyofunikwa huzeeka haraka sana.

Zima king'amuzi ukutani kwanza. Si kwa sababu volti 18 zitakuua. Ni kwa sababu waya wa katikati ukigusa ganda la konekta wakati umeme upo, unaweza kuunguza sehemu inayoilisha LNB. Halafu fungua na utazame. Waya wa katikati unatakiwa kung'aa na kutokeza milimita mbili au tatu nje ya ukingo wa konekta. Mfupi zaidi haugusi. Mrefu zaidi unasukuma na kuharibu tundu la LNB. Pasiwe na hata uzi mmoja wa ule msuko wa nje uliogusa waya wa katikati. Uzi mmoja mwembamba kama unywele unatosha kuleta shoti, na macho ya jioni hayauoni; tumia tochi ya simu.

Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, kata. Ukikata sentimita tano ukakuta bado nyeusi, kata tena. Maji huingia kwenye konekta na kusafiri ndani ya msuko kama mafuta kwenye utambi, na nimewahi kukata mita nzima kabla ya kuona shaba safi. Kuweka konekta mpya juu ya shaba iliyooza ni kumwibia mwenye nyumba hela yake. Ukishafunga, acha waya uning'inie kidogo chini ya konekta kama tanzi kabla haujapanda kwenye mkono wa dishi, ili maji yadondoke hapo yasifuate waya. Funika kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Ule utepe mweusi wa umeme jua letu linauachanisha kwa msimu mmoja.

Ukiwa hapo juu, tazama na mdomo wa LNB. Kifuniko cha plastiki hupasuka kwa jua, maji yakaingia. Nyigu hujenga humo ndani na sisimizi huhamia na mchanga wao. Kifuniko kilichopasuka maana yake LNB mpya. Kukifunga na mfuko wa nailoni kunasaidia wiki mbili.

Ving'amuzi viwili, dishi moja

Baba akibadilisha chaneli sebuleni, za chumbani zinapotea. Dalili hiyo karibu kila mara ni kigawanyaji cha bei rahisi kilichofungwa kwenye LNB yenye tundu moja. King'amuzi kimoja kinaomba volti 13, kingine 18, na LNB inamtii mwenye volti kubwa. Haitengenezeki kwa kuzungusha chochote. Nunua LNB yenye matundu mawili na upeleke waya wa pili. Kwa vile vya DStv vinavyotumia LNB maalumu ya waya mmoja, utaratibu ni tofauti, na LNB ya kawaida haiwezi kuishika nafasi yake bila mipangilio kubadilishwa.

Mwenye madishi mawili kwenye king'amuzi kimoja cha bure ana kile kiswichi cha DiSEqC nje, kinachochagua dishi lipi lisikilizwe. Chaneli zote za dishi moja zikitoweka kwa pamoja, ondoa swichi, unga waya moja kwa moja kwenye LNB ya dishi hilo. Zikirudi, swichi imekufa. Huwa zinakufa kwa maji.

Ikithibitika kwamba dishi limehama

Panda asubuhi, bati likiwa kavu, na mtu wa kushika ngazi. Tazama nyaya za umeme zilizo karibu kabla ya kuinua chuma chochote. Radi ikisikika hata mbali, shuka.

Anza na nguzo, si na dishi. Weka pima maji pande mbili. Nguzo isiyosimama wima itakudanganya kila unapozungusha. Halafu kagua dishi lenyewe: vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka ukingo hadi ukingo zipite katikati kama msalaba. Zikigusana, dishi ni sawa. Zikipishana kwa nafasi inayoonekana, limepinda, na hakuna ufundi wa kulielekeza utakaorudisha ubora wake wote.

Uelekeo wenyewe unategemea setilaiti. Kwa Dar es Salaam, ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, kama nyuzi 81 kutoka upeo wa macho, kidogo kaskazini-magharibi. Ukiwa Nairobi ndiyo kabisa, nyuzi 88. Ya nyuzi 7 mashariki iko magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kama nyuzi 52. Ndiyo maana juu ya paa moja utaona dishi moja limeinua uso juu na jingine limesimama zaidi. Ndiyo maana pia mwembe ule ulimsumbua mama wa Tabata kwenye dishi linalotazama magharibi, wala jirani yake mwenye dishi linalotazama utosini hakuwa na habari. Usishangae uso wa dishi kuonekana uko chini kuliko namba hizi: madishi haya hupokea kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kutazama, kwa nyuzi ishirini na kidogo.

Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari wa kalamu ya wino mzito unaovuka kishikilio na nguzo, na mwingine kwenye kipimo cha mwinuko. Huo ndio mlango wako wa kurudia. Legeza nati ya upande mmoja tu, ya kulia na kushoto au ya juu na chini, kamwe si zote. Sogeza kwa unene wa ukucha, simama, hesabu hadi tano. King'amuzi kinachukua muda kusoma, na anayesogeza mfululizo anaipita setilaiti bila kujua. Aliyeko ndani akusomee ubora kwa simu, si nguvu. Ukifika kwenye namba ya juu, endelea mbele kidogo mpaka ianze kushuka, kisha rudi katikati ya kushuka na kupanda.

Halafu LNB. Nayo ina mzunguko wake kwenye kishikilio, na kwetu haikai wima: kwa nyuzi 36 kutoka Dar inalala kama nyuzi 26, kwa nyuzi 7 karibu 77. Izungushe taratibu pande zote mbili, ubora ukisomwa kwenye chaneli ya wima na ya mlalo, si moja tu.

Kukaza ndiko kunakowaangusha wengi. Nati inapokazwa huvuta dishi, na ubora uliopata kwa jasho unaondoka. Kaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa kupokezana, namba zikiendelea kusomwa. Ikishuka hata tatu, legeza urudie. Zikishakazwa zote, bonyeza ukingo wa dishi kwa kidole kimoja, juu, chini, kushoto, kulia. Ubora ukipanda unapobonyeza upande wowote, bado hujafika kileleni. Ukishuka kila upande na kurudi unapoachia, chora mstari mpya, kisha ushuke ukaandike namba kwenye karatasi ya nyuma ya king'amuzi.